Kaye ya michoro ya motokari: tuichome au tuitunze?



Katika mkutano wetu mmoja, mama mwenzetu alileta kaye ya shule ya binti yake wa miaka 14. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu. Kurasa za nyuma zilijaa motokari tupu. Hazikuwa Land Cruiser wala malori ya mizigo tunayoyaona hapa kwetu. Zilikuwa motokari za zamani, ndogo, za watu 2, zisizo na paa, zenye pua ndefu na taa za mviringo kama macho ya chura. Mtoto alizinakili kutoka kwenye gazeti kuukuu la Kifaransa ambalo muuza karanga alikuwa akilichana kufungia karanga zake.

Mama alitaka shauri. Alisema: “Bwana yangu ananiambia niichome. Anasema mtoto wa kike anayechora motokari anapoteza kaye na anapoteza akili. Mimi nashindwa kuichoma, lakini sijui nimjibu nini.”

Wengine tulicheka. Mama mmoja mzee akatunyamazisha, akasema: “Kabla ya kuchoma kitu, ulizeni kwanza ni kitu gani.” Maneno hayo ndiyo yaliyozaa habari hii.

MOTOKARI YA WAZI NI NINI?

Waingereza wanaiita roadster. Sisi tuandike rodsta. Zamani neno hilo lilikuwa jina la farasi anayefaa kwa safari ya barabarani. Baadaye likahamia kwa motokari ndogo ya watu 2, isiyo na paa la kudumu, yenye moteri ya nguvu kuliko uzito wake. Haibebi mizigo, haibebi jamaa nzima. Imeundwa kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha, asikie upepo na aione barabara.

Msione ni jambo la mbali. Watoto wetu wanatengeneza motokari za waya na za makopo ya samaki, na magurudumu wanayakata kwenye sapatu zilizokatika. Ziangalieni vizuri: nyingi hazina paa. Mtoto anaanza na pua, magurudumu na volani ndefu ya kuiongozea akiwa amesimama. Paa anaweka mwisho, au anaacha. Bila kufundishwa na mtu, amekwisha kujua kwamba uzuri wa motokari unaanzia kwenye mistari yake, si kwenye kifuniko.

Tena sisi Wakongomani tuna picha yetu ya motokari ya wazi inayojulikana dunia nzima. Mwezi wa 6 wa mwaka wa 1960, siku za uhuru wetu, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipitishwa katika barabara za Léopoldville akiwa amesimama ndani ya motokari isiyo na paa. Mtu mmoja, Ambroise Boimbo, alitoka katika kundi akauchukua upanga wa mfalme, akakimbia nao. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, akamnasa palepale. Kama motokari ingekuwa na paa na vioo, picha hiyo isingekuwapo. Umbo la kitu linabadilisha mambo yanayoweza kutokea karibu yake.

SAFARI YA MAMA BERTHA

Baba wa mtoto yule anasema motokari si mambo ya wanawake. Basi tumweleze habari ya mtu wa kwanza kufanya safari ndefu kwa motokari. Alikuwa mwanamke, mama wa watoto, jina lake Bertha Benz, wa Ujerumani.

Bwana yake, Karl Benz, alipata hati ya kuvumbua motokari yake tarehe 29 Januari 1886. Ilikuwa na magurudumu 3, kiti cha wazi, bila paa. Kabla hawajafunga ndoa, Bertha alikuwa ametoa feza za mahari yake kuokoa kazi ya mchumba wake. Huko kwao mahari ilitoka kwa wazazi wa msichana. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba ile motokari ilinunuliwa kwa sehemu na feza zake mwenyewe.

Lakini watu hawakuinunua. Waliiogopa. Karl alikuwa fundi hodari, lakini hakuwa mtu wa kujitangaza. Mwezi wa 8 wa mwaka wa 1888, Bertha aliamka asubuhi na mapema, akawachukua vijana wake 2, Eugen na Richard, akaondoka na motokari kutoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilometa 100 na kidogo. Hakumwambia bwana yake.

Njiani kila kitu kilimpata. Mafuta yalipopungua alisimama kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch, akanunua dawa ya kusafishia nguo ambayo moteri iliweza kuitumia. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunika kwa mkanda wa soksi yake. Freni za mbao zilipoisha, alimwomba fundi wa viatu azipigilie ngozi. Kwenye milima vijana walishuka wakasukuma. Jioni walifika, na siku chache baadaye walirudi Mannheim.

Baada ya safari hiyo, Karl aliongeza gia ya kupandia milima, kwa sababu mke wake alikuwa ameiona shida hiyo barabarani kwa macho yake. Watu nao waliona kwamba kitu kile kinatembea kweli.

Wamama, tuyapange tuliyoyaona: pini, mkanda wa soksi, ngozi ya viatu, dawa ya kufulia. Ni vitu vya nyumbani. Bertha hakuwa na sanduku la vyombo vya fundi. Alikuwa na akili ya mama aliyezoea kutengeneza kinachovunjika kwa kile kilichopo mkononi. Nani kati yetu hana akili hiyo?

NYUNDO, MANJANJA NA UPEPO

Motokari ambazo binti yule anachora zimetoka zaidi katika miaka ya 1930 hadi 1960. Baada ya vita ya 1940–1945, kiwanda cha MG cha Uingereza kilitoa rodsta ndogo iitwayo TC. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya waliipenda, na Wamarekani wakaanza kuzinunua. Mwaka wa 1948 Jaguar ikaonyesha XK120 mjini London. Nambari 120 ilikuwa mwendo wake kwa maili, yaani karibu kilometa 193 kwa saa. Mwaka wa 1961 ikaja Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa Genève, na mpaka leo watu wengi wanaihesabu kati ya motokari nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa.

Aliyechora umbo la E-Type, Malcolm Sayer, alitoka katika kazi ya ndege. Hakukaa tu akachora mistari ya kupendeza macho. Alipiga hesabu ili upepo upite juu ya motokari bila kuzuiwa. Uzuri ulitoka ndani ya hesabu. Kumbukeni kaye ya binti yetu: mbele hesabu, nyuma motokari. Sayer angesema hizo kurasa ni somo moja.

Na kwa nini pua ndefu hivyo? Kwa sababu ndani yake kulikuwa na moteri ya silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, kama watoto kwenye benchi. Moteri ndefu inataka kapo ndefu. Shofa naye anasukumwa nyuma, karibu na magurudumu ya nyuma. Basi umbo linalotufanya tuseme “ni nzuri” lilianzia kwenye jibu la swali la kifundi: moteri iwekwe wapi?

Motokari nyingi za michezo za miaka hiyo zilipewa mwili kwa mkono. Fundi alichukua bati la alumini, akalipiga kwa nyundo kidogo kidogo, akilipima kila mara juu ya umbo la mbao, mpaka likapinda kama alivyotaka. Nendeni mkamwangalie fundi wetu anayepiga manjanja na kutoa sanduku la bibi arusi au karai. Anapiga, anageuza, anatazama kwa jicho moja lililofumbwa, anapiga tena. Kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba kule waliiandika vitabuni, na hapa tunamlipa fundi tunaondoka bila kumuuliza jina.

BARABARA ZA MATOPE ZINA HISTORIA YAO

Mtu atasema: hizo ni motokari za lami. Ni kweli, tusidanganyane. Rodsta inakaa chini sana. Ukiileta kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua, itaketi kwenye tope kabla hujaaga jirani. Sisi tunajua malori yanayolala njiani, pikipiki zinazovushwa mabegani na baiskeli za mawese zinazosukumwa kwa miguu.

Lakini jirani zetu wa Afrika ya Mashariki walithubutu kuzipeleka motokari za michezo kwenye matope, na dunia ikaja kutazama. Mwaka wa 1953 yalianza mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye yakaitwa East African Safari, na kwa miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka, wakati mvua inaponyesha. Mwaka wa 1963 walianza zaidi ya motokari 80 na wakamaliza 7 tu. Mwaka wa 1968 wakamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, ile motokari ya familia ambayo wazazi wetu waliijua vizuri.

Mwaka wa 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumiwa na mwingine katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Motokari mpya za viwanda vikubwa ziliachwa nyuma na motokari ya mkono wa pili iliyotunzwa na fundi anayeijua.

Kisha ikaja motokari ya michezo yenyewe. Datsun 240Z ya Wajapani, ya watu 2, pua ndefu, silinda 6, ilikuwa na paa, lakini ni wa ukoo ule ule wa rodsta za Kizungu. Ilishinda Safari mwaka wa 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka wa 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda. Alilingana alama na Harry Källström wa Uswidi, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Baadaye akashinda tena mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Sisi tunaojua maana ya kukimbia na kuanza upya, tunaweza kuielewa habari hiyo bila mkalimani.

WANAWAKE KWENYE VOLANI

Baba wa binti atauliza: na wanawake walikuwa wapi? Walikuwa ndani ya motokari.

Mwaka wa 1961 Anne Hall wa Uingereza na Lucille Cardwell walimaliza Safari wakiwa wa tatu, kwa Ford Zephyr, mbele ya wanaume wengi. Mwaka wa 1974 Orie Rogo-Manduli wa Kenya, aliyekuwa amevikwa taji la Miss Kenya, aliingia mashindano hayo, na anakumbukwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mtu mmoja, taji la urembo na tope usoni. Hakuna kilichomzuia kuwa na vyote viwili. Mwaka wa 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa, akisomewa njia na Fabrizia Pons wa Italia, alimaliza wa tatu kwa Audi Quattro. Wanawake wawili peke yao ndani ya motokari, maelfu ya kilometa, kwenye vumbi na mvua.

Hatusemi kila binti awe shofa wa mashindano. Tunasema tu kwamba neno “haijawahi kuonekana” si kweli.

KUTUNZA KITU CHA ZAMANI

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi kuliko mwendo. Watu wanaopenda motokari za zamani wanapenda hasa kutunza. Mjini Nairobi, tangu mwaka wa 1970, kuna maonyesho yaitwayo Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye motokari za Alfa Romeo. Watu wanaleta motokari na pikipiki zao, na waamuzi hawaangalii rangi ya nje peke yake. Wanafungua kapo, wanatazama moteri, wanaingia ndani kwenye viti, wanachunguza hata upande wa chini. Mwenye motokari ya miaka mingi iliyo safi anaweza kumshinda mwenye mpya. Na tangu 2003 kuna Safari ya motokari za zamani peke yake, ambapo zile Datsun, Ford Escort na Porsche zinarudi kwenye vumbi zikiendeshwa na watu walio tayari kulala chini yake usiku kuzitengeneza.

Sisi tunaifahamu heshima hiyo. Katika nyumba nyingi za Kasongo kuna mashini ya kushona ya Singer, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Ilikuwa ya bibi, ikawa ya mama, leo inashona sare za wajukuu. Haifi kwa sababu kuna mtu anayeitia mafuta na kuifunika kitambaa jioni. Kitu kinachokufa kwetu mara nyingi hakiuawi na uzee. Kinauawa na neno “tutaona kesho”.

Angalieni mashini za kusaga mihogo na za kukoboa mpunga katika vijiji vyetu. Ngapi zimesimama juu ya chujio la hewa lisilosafishwa, mafuta yasiyobadilishwa, mkanda uliolegea? Na mama mwenye mashini anapoita fundi, anaambiwa moteri yote imekufa, alete feza nyingi. Hana wa kumwambia kama ni kweli. Hapo ndipo maarifa ya moteri yanapogeuka kuwa chakula cha watoto.

Moteri ya mashini ya kusaga, ya pikipiki na ya rodsta ya 1948 zinafuata kanuni moja: hewa safi, mafuta safi, moto wa kuwasha au mbano wa nguvu, na kitu cha kupoza joto. Mtoto anayejua kwa nini Jaguar ina pua ndefu amekwisha kuanza kuuliza maswali ya fundi. Katika shule zetu za ufundi kuna masomo ya mécanique, na hakuna sheria inayosema ni ya wavulana peke yao. Kinachofunga mlango ni kicheko chetu.

BASI, KAYE TUIFANYE NINI?

Shauri la kikundi chetu ni hili. Kaye isichomwe. Lakini mtoto naye asidanganywe kwamba kuchora peke yake kunatosha. Tumemwomba mama afanye mambo 3.

La kwanza, amtengenezee binti kaye nyingine ya michoro, ili ile ya hesabu ibaki ya hesabu. Motokari haitamfaa kitu akianguka kwenye mtihani.

La pili, kila mchoro uandikwe kando yake: moteri iko wapi, freni ziko wapi, kwa nini kapo ni ndefu, kwa nini gurudumu ni kubwa. Mchoro wenye maelezo unaanza kuwa somo.

La tatu, wakati wa likizo mama atafute fundi wa pikipiki mwenye adabu, anayejulikana na jamaa, aende naye yeye mwenyewe, binti akae siku moja atazame moteri ikifunguliwa. Mama asimwache peke yake. Kumlinda mtoto na kumfundisha ni mambo yanayoweza kwenda pamoja.

Na tunaomba kila mama mwenye gazeti la zamani lenye picha za motokari, mashini au ndege, asiliuze kwa mfungia karanga. Alilete kwenye mkutano. Inawezekana kuna kaye nyingine kama ile ndani ya nyumba yako mwenyewe, imefichwa chini ya godoro kwa sababu mtoto anaogopa kuchekwa.

Mama mwenzetu alirudi nyumbani akamsimulia bwana yake habari ya Bertha, usiku, baada ya chakula. Baba hajakubali. Amesema kwanza mwaka wa shule uishe, ndipo wataongea. Lakini kaye iko rafuni, haijachomwa. Na asubuhi iliyofuata, kabla hajawasha pikipiki yake kwenda kazini, aligeuka akauliza: “Yule mwanamke, mrija wa mafuta aliuzibua na pini ya namna gani?”